Kidonge cha Kweli

Fundi makochi hakuwa mtu wa kutulia. Miaka yote aliwatengenezea watu viti vya kukalia wakastarehe, lakini yeye ukimpa kiti alikaa kwenye ncha, kama mtu anayesubiri kuitwa. Akila, mguu wake wa kushoto ulitikisika chini ya meza mpaka kijiko kikalia kwenye sahani. Mkewe, ambaye cherehani yake ilikuwa pale pale mlangoni mwa karakana yao, alishona vifuniko vya mito huku akimwona mumewe akipita, akirudi, akipita tena, na alikwisha kuzoea kumwita Kiguu na Njia hata mbele ya wateja.

Ndiyo maana daktari alipomwambia kwamba ini lake limejaa mafuta, alidhani vipimo vimechanganywa na vya mtu mwingine.

"Mafuta? Mimi?" akauliza, tayari amesimama. "Daktari, mimi sikai chini tangu asubuhi. Na pombe sijawahi kuonja, hata harufu yake siipendi."

"Keti kwanza, fundi." Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini iliyomlazimu mtu anyamaze ili amsikie. Akageuza kioo cha mashine na kumwonyesha ini lake lilivyong'aa weupe mahali lilipopaswa kuwa la kijivu. "Ini halipati mafuta kwa pombe peke yake. Soda unakunywa?"

"Kidogo."

"Kidogo!" mkewe akadakia kutoka kiti cha pili. "Daktari, huyu akiona soda ni kama gari limeona kituo cha mafuta."

"Na kutikisa mguu," daktari akaongeza, akiutazama mguu wenyewe, "si mazoezi."

Mkewe alicheka. Fundi hakucheka. Neno lile, ini, lilikuwa limemwingia kama sindano iliyopinda ya kushonea makochi, ambayo ikishazama hujui itatokea wapi. Kaka yake mkubwa, aliyeianzisha ile karakana na kumfundisha kazi, aliondoka duniani kwa maradhi ya ini. Tumbo lilijaa maji, macho yakageuka manjano, na mikono iliyokuwa ikivuta mkanda wa kochi mpaka ukalia kama waya ikashindwa kushika kikombe. Fundi ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani. Ndiye aliyemshikia beseni. Tangu mazishi hakuwahi kulizungumza jambo hilo na mtu yeyote, na mkewe alijua kutomuuliza.

"Nitakwenda kama kaka?"

"Si lazima, wala si karibu," daktari akasema. "Ini lako limechoka, halijaharibika. Acha sukari, punguza hilo tumbo, tembea. Kutembea kweli, siyo kuzunguka meza. Ini lina msamaha kuliko viungo vyote, ukilipa nafasi."

"Na dawa?"

"Hiyo ndiyo dawa."

Fundi akamtazama kama anavyomtazama mteja anayetaka kochi jipya kwa kitambaa cha zamani. Kwake yeye dawa ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Daktari alipoona mtu wake haridhiki, akamwambia kwamba hospitali hiyo hiyo ina utafiti unaohusu chai ya kijani na ini, na kwamba akitaka anaweza kwenda kumsikiliza muuguzi, chumba cha mwisho kwenye korido. Hajamaliza sentensi, fundi yuko koridoni.

Muuguzi wa utafiti, ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, alimweka kitini akamweleza taratibu. Majani ya chai yakichumwa na kukaushwa mapema, yasiachwe kugeuka meusi, hubaki na vitu vinavyoitwa katekini. Chai nyeusi nayo inavyo, ila vingi vimeshabadilika. Panya wa maabara waliopewa vitu hivyo, maini yao yalipungua mafuta na uvimbe. Kwa binadamu dalili zilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika, na ndiyo maana walitafuta watu wa kujitolea.

"Nimejitolea. Nipe."

"Subiri, baba, sijamaliza. Nusu ya watu watapewa vidonge vyenye nguvu ya chai ya kijani. Nusu watapewa vinavyofanana navyo kabisa, lakini ndani ni unga tu."

"Nani atapewa unga?"

"Sijui."

"Daktari anajua?"

"Naye hajui."

"Sasa anajua nani?"

"Kompyuta."

Fundi akaigeukia kompyuta ya mezani na kuikazia macho kama jirani mwenye siri yake. Sista akacheka. "Siyo hiyo. Iko mbali." Kisha akawa makini. "Sikiliza. Mtu akijua amepewa dawa, hujisikia nafuu hata kama dawa haifanyi kitu. Akijua amepewa unga, hukata tamaa. Na sisi tukijua, tutawatazama kwa macho tofauti. Kwa hiyo wote tunakaa gizani pamoja, tuone ukweli wenyewe ukitoka. Masharti ni haya: unakunywa baada ya chakula, hugawi kwa mtu, huchanganyi na dawa nyingine bila kutuambia, na ukijisikia vibaya unakuja siku hiyo hiyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema, na kweli alielewa kila neno. Tatizo halikuwa kuelewa.

Tatizo lilianza alipofika nyumbani na kopo lake. Lilikuwa kopo jeupe, na ndani vidonge vya kijani, vile vya ganda jepesi linalofunguka katikati. Akakiweka kimoja kiganjani, akakileta dirishani. Akakitikisa karibu na sikio.

"Unasikiliza nini?" mkewe akauliza. "Kitakwambia jina lake?"

Siku zile kazi haikuenda. Alikuwa na makochi ya chumba cha kungojea cha daktari wa meno, ya velveti nyekundu, na mara mbili alibandika kitambaa kinyume, manyoya ya velveti yakilala kuelekea juu badala ya chini, ikabidi ang'oe stepla moja moja. Alipigilia msumari akasimama nyundo ikiwa hewani. Vipi kama ni unga? Vipi kama anakaa hapa kama mjinga akinywa unga, na huku ndani mafuta yanazidi kuganda, mpaka siku moja mkewe amshikie beseni? Akajipima kila asubuhi kwenye kioo, akivuta kope chini, akitafuta manjano. Akajibonyeza chini ya mbavu. Kama alilala vizuri, akasema ni dawa. Kama aliamka na uchovu, ni unga. Akazunguka meza, akatoka nje, akarudi, akasahau alichotokea.

Siku ya kutolewa damu, benchi la kungojea lilikuwa limejaa, akapata nafasi kando ya dereva wa teksi mmoja mnene, mtulivu, aliyekaa mikono ikiwa juu ya tumbo kama mtu aliyeshiba mambo ya dunia. Wenzake kituoni walimwita Breki, kwa kuwa hata karatasi ikipeperuka barabarani alisimama kuipisha. Abiria wenye haraka walimkimbia. Wenye watoto wachanga walimtafuta.

"Na wewe ni wa chai?" fundi akamuuliza.

"Wa chai," Breki akajibu. "Au wa unga. Wanajua wao."

"Na unalala usingizi?"

"Kwa nini nisilale? Mguu wako huo una injini? Benchi zima linatetemeka."

Wakazoeana siku hiyo hiyo. Breki alimrudisha karakana kwa gari, polepole, na fundi akajikuta akimweleza habari za kaka yake, mambo ambayo hata mkewe hakuwa ameyasikia kwa urefu ule. Labda ni kwa sababu Breki hakuuliza kitu, aliendesha tu. Walipofika, fundi alifungua mlango lakini hakushuka.

"Breki, tuonje."

"Tuonje nini?"

"Vidonge. Tufungue kimoja changu na kimoja chako. Chai ni chungu, unga hauna ladha. Ulimi hautadanganywa na kompyuta."

"Sista alikataza."

"Alikataza kugawana. Kuonja hakukutaja."

Breki akaguna, akazima injini. Alikuwa mtu ambaye kukataa kulimchosha kuliko kukubali. Wakaingia ndani, mkewe fundi akiwa amekwenda kununua uzi, wakavifungua vidonge viwili juu ya meza ya kukatia vitambaa. Vyote vilitoa unga wa kijani, usingetofautisha kwa macho. Fundi akalowesha kidole, akaonja cha kwake. Kilikuwa kama vumbi la mbao, hakina mbele wala nyuma. Akaonja cha Breki, na uso wake ukakunjamana kama ngozi ya kiti iliyoachwa juani. Uchungu ulimkamata pande zote za ulimi, uchungu wa majani mabichi.

Akakaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Breki alimwona ametulia kabisa, na ilimtisha.

"Nimepewa unga," fundi akasema. "Nilijua."

"Labda ulimi wako..."

"Onja mwenyewe."

Breki akaonja vyote viwili, akafuta ulimi kwa leso.

"Tuvichanganye," fundi akasema hatimaye. "Vyako na vyangu, bakuli moja, tugawane sawa kwa sawa. Wewe utapata nusu, mimi nusu. Nusu ya dawa ni bora kuliko unga mtupu. Ndugu yangu, mimi nilimzika kaka. Sitaki kuzikwa na kopo la unga mfukoni."

Hapo Breki angeweza kukanyaga breki zake zote. Lakini aliyaona macho ya mwenzake yakilengalenga machozi, akalisukuma kopo lake mbele.

Ungedhani sasa mtu huyu angepumzika. Wapi! Kila alipomeza kidonge alijiuliza hiki ni kile au ni kile kingine. Nusu ikaanza kuonekana ndogo. Siku moja, akinunua gundi mjini, alipita duka linalouza vitu vya kupunguza unene na kujenga misuli, na kwenye kabati la kioo akaliona kopo la kijani lenye picha ya jani. Muuzaji, kijana mwenye kifua kilichojaa fulana, alimwambia kimoja cha hivi ni sawa na birika kadhaa za chai, na kwamba ukinywa tumbo likiwa tupu kinafanya kazi haraka zaidi. Neno haraka lilimtosha fundi. Alilificha kopo lile asikokwenda mtu: ndani ya mkono wa kochi la daktari wa meno ambalo lilikuwa bado halijafungwa, katikati ya sponji.

Asubuhi kabla ya kula alitumbukiza mkono kochini, akameza viwili. Mchana viwili tena. Moyo ukaanza kumpiga kama cherehani. Mikono ikatetemeka akishika mkasi. Alifanya kazi kwa pupa, akakarabati hata viti ambavyo wenyewe hawakuwa wamevileta kukarabatiwa, akapaka rangi mlango, akahamisha kabati, akalirudisha.

"Baba watoto, una nini?" mkewe akauliza. "Zamani ulikuwa kiguu na njia. Sasa umekuwa treni."

"Nimepata nguvu. Ile dawa inafanya kazi."

Na kwa majuma ya mwanzo aliamini hivyo. Tumbo lilikuwa limepungua, suruali ikamlegea. Akamwambia Breki kwa simu kwamba anajisikia kijana wa juzi. Hakumwambia habari za duka.

Halafu chakula kikaanza kumkinaisha. Harufu ya gundi, aliyoishi nayo tangu ujana, ikamtapisha. Akaanza kujikuna mikono, mgongo, nyayo, akijisugua kwenye kona za meza kama mbuzi. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai iliyokolea, na alipouona alivuta maji haraka, kana kwamba kitu kisichoonekana hakipo. Akaongeza kidonge. Aliwaza kwamba ini linapigana, na kwamba linahitaji msaada.

Mkewe ndiye aliyemkamata. Alikuwa amesimama mlangoni kwenye mwanga akimpimia kitambaa, mara akaangusha tepu.

"Nitazame," akasema. "Juu. Sasa chini." Kisha sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine. "Macho yako, baba. Macho yako ni kama ya shemeji."

Kabla ya adhuhuri alikuwa amelazwa. Damu ilitolewa, majibu yakaja, na yule daktari mwenye sauti ya chini akasimama kando ya kitanda akiwa amekunja uso. Vimeng'enya vya ini, vile vinavyovuja kwenye damu ini likiumia, vilikuwa vimepanda kupita kiasi. Kwa sababu ya hatari hiyo, wamelazimika kufungua siri ya kompyuta.

"Wewe ulikuwa kwenye kundi la unga," daktari akasema. "Kwa hiyo si vidonge vyetu vilivyokuumiza. Tunatafuta kitu kingine. Umekunywa dawa gani nyingine? Mitishamba? Vidonge vya maumivu?"

Uhakika alioutafuta kwa miezi ulikuwa umefika, umewekwa mbele yake bila hata kuuomba, na haukuwa na faida yoyote. Mkewe alikuwa amesimama pembeni ameshika kanga yake kifuani. Sista alikuwa nyuma ya daktari.

"Hapana," fundi akasema. "Hakuna."

"Basi tutapima virusi vyote. Visipoonekana, kesho tutachukua kipande kidogo cha ini kwa sindano."

Walipotoka alijigeuza upande huu na huu, shuka likamzonga. Akisema ukweli, Breki atatolewa kwenye utafiti, na Breki ndiye mwenye dawa ya kweli, na vipimo vyake vilikuwa vinashuka vizuri. Asiposema, watamdunga ini bure, na huenda wasipate kitu, na yeye aendelee kuwa manjano mpaka mwisho. Akashuka kitandani na mpira wa dripu mkononi, akasimama dirishani, akarudi, akashuka tena. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwomba amhurumie, anamtia kizunguzungu.

Saa ya kutazama wagonjwa Breki akaja. Alivuta kiti, akakaa, akayatazama yale macho kwa muda mrefu.

"Umewaambia?"

"Kuhusu nini?"

"Fundi, usinifanye mtoto."

"Nikiwaambia, wanakutoa. Wewe unapona, Breki. Mimi nilikuomba unga wangu uule nusu, sasa nikunyang'anye na dawa?"

"Lakini tulikunywa kitu kimoja," Breki akasema polepole, akilifikiri. "Bakuli moja. Mimi siko manjano. Mbona wewe uko manjano?"

Fundi akageukia ukuta. Breki hakumharakisha, kuharakisha mtu hakukujua. Alikaa tu, mikono juu ya tumbo, mpaka mwenzake akashindwa na ule ukimya na kuanza kusema: duka, kopo la kijani, vinne kwa siku, vikawa sita, tumbo tupu. Alipomaliza, Breki alikuwa amesimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Una hiari," akasema. "Uwaambie wewe, au niwaambie mimi. Lakini mimi sitaendesha gari la maiti yako kwa sababu ya heshima."

Mkewe aliingia wakati huo huo na chupa ya uji. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Kuna nini?"

"Mama watoto," fundi akasema, "nenda karakana. Kochi kubwa la daktari wa meno, mkono wa kulia, ndani ya sponji. Kuna kopo. Lilete."

"Umeficha dawa ndani ya kochi la mteja?"

"Ndiyo."

"Lile nililolishona jana nikalifunga?"

"Lifumue."

Aliweka uji chini. Alifungua mdomo kusema maneno ambayo ndoa yao ilikuwa imeyaweka akiba kwa miaka, akayatazama macho yale ya manjano, akaufunga, akatoka mbio.

Alipoletewa kopo, fundi alimwita Sista na daktari, akaeleza yote tangu mwanzo, kuonja, bakuli na duka. Hakujitetea, ila alisema kwa mkazo kwamba Breki alishawishiwa. Daktari alilizungusha lile kopo, akasoma maandishi madogo ya ubavuni, akatikisa kichwa.

"Mnaniambia tangu zamani kwamba chai inalinda ini," fundi akasema, karibu kwa kulalamika.

"Chai inayopikwa kwenye maji ya moto, ndiyo, inaonekana inasaidia," daktari akasema. "Kikombe kinakuja na maji, unakunywa polepole, mwili unapokea kidogo kidogo. Hiki hapa ni shamba limekamuliwa ndani ya kijiko, na wewe ukakiingiza kwenye tumbo tupu, mara sita. Kila unachomeza, ini ndilo linalokipokea mlangoni. Kitu kile kile kinacholilinda kikija kidogo, kikija kwa wingi huo kinaweza kulivunja. Hutokea kwa watu wachache tu, lakini wewe umekuwa mmoja wao. Ndiyo maana vyetu vimepimwa, na ndiyo maana tunawatoa damu kila mara. Hatuwatoi kwa kupenda damu."

"Sindano ya ini?"

"Sasa hatuihitaji haraka. Acha vidonge hivi, tuliache ini lenyewe, tuone."

Sista alipobaki peke yake naye, akatengeneza mpira wa dripu usiohitaji kutengenezwa.

"Nakasirika, baba," akasema. "Nikwambie tu. Siyo kwa sababu umevunja sharti langu. Kuna watu wanatoka mbali, wanatolewa damu, wanakunywa unga kwa uaminifu bila kujua ni unga, ili siku moja mtu mwenye ini kama la kaka yako aje aambiwe kitu cha uhakika. Nyinyi wawili mmetia mchanga kwenye chakula chao. Laiti ungekuja kuniambia kwamba huwezi kuvumilia. Watu hutoka. Ningekutoa, tungepeana mikono."

Fundi hakuwa amewahi kuwafikiria wale wengine. Kichwani mwake utafiti mzima ulikuwa na watu wawili, yeye na kompyuta. Aliona aibu ambayo haikuwa na mahali pa kwenda, maana alikuwa amefungwa na dripu.

Ini lake lilisamehe, kama daktari alivyosema siku ya kwanza. Halikusamehe kwa haraka. Kujikuna kulipungua kwanza, kisha hamu ya chakula ikarudi, na manjano yakaondoka machoni mwisho kabisa, kama mgeni asiyejua kuaga. Aliporudi karakana, mkewe alikuwa amelimaliza kochi la daktari wa meno mwenyewe, na akamwambia kwamba kuanzia sasa chochote kitakachoingia mdomoni mwake kitapita machoni mwake kwanza.

Breki alitolewa. Alipelekewa habari kwa heshima, akaambiwa aje kupimwa kama mgonjwa wa kawaida, basi. Fundi alimpigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake. Hapo akaanza kwenda kwa miguu mpaka kituo cha teksi, upande wa pili wa mji, kila asubuhi kabla ya kufungua karakana. Siku nyingine Breki alikuwa na abiria. Siku nyingine alikuwepo na kioo kimefungwa, anatazama mbele kana kwamba yuko safarini. Fundi alisimama pale, akasalimu kioo, akarudi. Madereva wengine wakaanza kumtania kwamba amekuja kumposa Breki. Ilipita muda mrefu ndipo asubuhi moja kioo kikashuka.

"Umekonda," Breki akasema.

"Ni kwa ajili ya kuja kwako kila siku."

"Wewe ni mtu wa kero sana."

"Najua. Vipimo vyako vikoje?"

"Vimesimama. Havipandi, havishuki. Daktari anasema nitembee." Akazima injini. "Vidonge vilikuwa vinanifaa, fundi. Nilikuwa nakwenda vizuri. Nimekusamehe, lakini sijasahau, na nataka ulijue hilo."

"Nimelijua."

"Basi ingia ukae. Nikitembea nani mwingine ataliangalia gari?"

Utafiti ulipokwisha, Sista aliwaalika wote walioshiriki ukumbini wasikie majibu kabla hayajapelekwa kwingine, na kwa wema wake akawaita hata wale wawili. Walikaa safu ya nyuma. Daktari alisema, kwa ile sauti yake ya chini iliyowafanya watu waache kukohoa, kwamba wengi waliokunywa vidonge vya chai maini yao yalipungua mafuta kidogo kuliko waliokunywa unga. Kidogo, akarudia. Siyo muujiza, na itabidi kufanyike utafiti mkubwa zaidi. Waliotembea na kupunguza sukari walifaidika, wa chai na wa unga sawasawa. Akawashukuru kwa uvumilivu. Watu wawili, akaongeza, walitolewa kwa kukiuka utaratibu.

"Wapumbavu gani hao?" mama mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa sauti, na ukumbi ukacheka.

"Hata sisi tunashangaa, mama," Breki akamjibu kutoka nyuma.

Fundi aliinamisha kichwa. Watu walipoanza kutoka alimfuata yule mama koridoni. Alikuwa mwembamba, mpishi wa shule, amekuja kwa basi tangu alfajiri, na alikuwa ndiyo kwanza ameambiwa kwamba yeye alikuwa wa unga.

"Na moyo haukukusumbua, mama? Muda wote ule, unga?"

Mama akamtazama kama anauliza jambo la ajabu. "Nilikuwa na wasiwasi, mwanangu. Nani hana? Lakini nilisema, mimi nisipokuwa wa dawa, basi mwenzangu ndiye." Akaweka kanga vizuri begani. "Wewe ulikuwa wa nini?"

Fundi alitaka kusema wa unga, na lingekuwa kweli, lingeishia hapo. Breki alikuwa amesimama hatua chache mbele, anasubiri, funguo mkononi.

"Mimi ni mmoja wa wale wapumbavu," akasema.

Yule mama hakucheka. Alimtazama machoni, yale meupe ya macho yaliyokuwa yamerudi kuwa meupe, akamuuliza kama sasa hajambo. Fundi akasema hajambo. Naye akamuuliza mama anakwenda upande gani, na Breki, bila kuulizwa, akaenda kulileta gari mlangoni.